Chumba cha Mafagio

Juni, Punta Arenas, jua huchomoza saa nne,
na sisi darasani tumekwisha kula vipindi viwili vya giza.
Rayén Mansilla aliomba kura kwa ahadi ya nyavu mpya za magoli.
Nyavu hazikuja.
Alikwenda kwa mtunza shule akaazima ufunguo
wa chumba cha mafagio, kile kinachopakana na tanuri la joto,
akatoa ndoo, akaingiza viti viwili visivyolingana,
birika, na kikombe chenye pengo mdomoni.

Nilicheka. Naliandika hili mapema, lisije likajificha.
Nilibandika karatasi mlangoni: HOSPITALI YA MACHOZI.
Hakuibandua. Alichomoa kalamu
akaongeza chini: Jumanne na Alhamisi, baada ya chakula.

Dawati la Benito Ojeda lilikuwa tupu tangu Aprili.
Mwalimu aliliita jina, tukamwitikia kwa kimya,
wiki sita, mpaka jina likawa kama la mtu aliyehama.
Rayén ndiye aliyepanda kilima cha kwao,
akabisha, akaambiwa amelala. Kesho yake, amelala.
Siku ya tano hakubisha. Alikaa kizingitini
akifanya hesabu na glovu mikononi,
hata mlango ukafunguka wenyewe, upana wa jicho.

Masharti yake hakuyaandika popote.
Usijibu kabla chai haijaisha.
Usimwambie mtu ajikaze.
Na ukisikia neno lililokuzidi uzito, usilifiche:
"Sisi si waganga, Mirko. Tunamsindikiza mtu
mpaka kwa muuguzi, na hatumwachi njiani."

Mirko ni mimi. Nilifika Alhamisi moja ya Julai
nikisingizia kutafuta fagio.
Akanipa fagio.
Nikafagia sakafu iliyokwisha kufagiwa,
na kati ya pembe ya pili na ya tatu nikajikuta nasema
kwamba baba halali tena nyumbani
na usingizi nao umemfuata huko aliko,
kwamba asubuhi, ambayo si asubuhi,
nakaa kitandani nikivitazama viatu kama vya mtu mwingine.
Hakusema pole. Alinisogezea kikombe,
upande wenye pengo ukimwelekea yeye.
"Endelea kufagia," akasema.

Septemba upepo ulishuka na mabati ya watu.
Manispaa wakafunga kamba mjini, nguzo kwa nguzo,
na watu wazima, makarani, padri mmoja mwenye mkoba,
wakazishika mchana kweupe.
Hakuna aliyemuuliza mwenzake mbona hutembei wima.
Nikaliweka hilo moyoni nije kumwambia Rayén.
Niliona ni jambo zuri la kusema.

Lakini Jumanne ile alichelewa, akakaa kiti cha wageni,
kile kinachoyumba.
Koti hakuvua.
"Leo sina masikio," akasema. "Nimejaa."
Watu kumi na tisa tangu Juni, wote kawabeba
bila kumtaja hata mmoja,
na chumbani tuko wawili, na mwenye zamu ni mimi.

Kamba niliisahau. Masharti niliyasahau.
"Na nyavu je?" nikasema. Neno la kijinga, lilinitoka tu,
naye akacheka, akacheka, hata kicheko kikaisha
na kilichokuwa chini yake kikaonekana.
Nikawasha birika. Halikuwa na maji, likaanza kunuka.
Nikatoka kuchota, nikamkuta Benito ukumbini,
kofia mpaka kwenye nyusi, mkononi kiti cha tatu
alichokitwaa maabara bila ruhusa.

Hakuuliza kitu. Tukaingia.
Chumba kile hakienei viti vitatu:
magoti yanagongana, mafagio yanakuangukia begani,
na mlango haufungi.
Tukauacha hivyohivyo.